"Kiwanja tunacho tayari, hela yote ni ya nyumba": kisa cha mafungu 100 yaliyotaka kuwa 122

"Kiwanja tunacho tayari, kwahiyo hela yote inaenda kwenye nyumba." Hayo ndo maneno ya kwanza waliyoniambia hawa watu wawili, mume na mke, siku waliyokuja na karatasi zao, na nilivyosikia tu nikajua tatizo limekaa wapi hata kabla sijafungua hizo karatasi. Kazi yangu ni kukadiria gharama za majengo. Nimeomba ruhusa yao kukiandika hiki kisa, majina naacha, na kiasi cha hela pia naacha kwasababu hela ya huyu sio hela ya yule. Nitafanya hivi: hela yote waliyokuwa nayo naiita mafungu 100. Fungu moja ni asilimia moja. Wewe weka kiasi chako hapo, hesabu itakwenda vilevile.

Kiwanja kilikuwa mita 20 kwa 35. Kizuri, kimepimwa, hakina mgogoro, na kina mteremko ambao kwa macho unaonekana mdogo tu. Nyumba waliyoitaka ilikuwa ya chini, haina ghorofa, mita za mraba 144, ukubwa wa mita 12 kwa 12. Ramani walikuwa wameshaipenda miaka miwili kabla ya kupata hela, wameikariri, wanajua hadi kochi litakaa wapi.

Bajeti waliipata hivi. Walimuuliza jamaa aliyemaliza kujenga karibuni, nyumba yako imekula kiasi gani, ina mita za mraba ngapi, wakagawa, wakapata bei ya mita moja ya mraba, wakazidisha kwa 144, ikaja karibu kabisa na hela waliyonayo. Wakafurahi. Wakaigawa: msingi na jamvi (zege la sakafu) 14, kuta na nguzo na mkanda (zege lenye nondo linalozunguka juu ya kuta) 18, paa 16, milango na madirisha 10, umeme na mabomba 10, plasta vigae dari na rangi 22, jiko makabati na vyombo vya choo 8, dharura 2. Jumlisha, inakuja 100 kamili.

Sasa mimi hiyo karatasi sikuipata mapema. Nimeipata jamvi limeshamwagwa na wameshatumia mafungu 25 kwenye msingi badala ya 14. Ndo maana walikuja.

Naomba nikae hapa kwenye msingi muda mrefu kidogo maana hapa ndo pana kisa chenyewe, huko mbele ni matokeo tu.

Bei ya mita ya mraba inakuambia nyumba ya yule jamaa iligharimu kiasi gani pale kwenye kiwanja cha yule jamaa. Kiwanja chake kilikuwa tambarare. Cha kwao kinashuka. Nilienda na mpira mwembamba unaoonyesha ndani, tukaujaza maji, vigingi viwili, kimoja kona ya juu ya nyumba na kingine kona ya chini, tukapima. Ndani ya zile mita 12 ambazo nyumba imekalia ardhi inashuka mita 1.4. Kazi ya nusu saa hiyo, na hakuna aliyeifanya kabla ya kuchagua ramani, wala fundi hakuifanya, yeye aliambiwa sakafu iwe sawa na kona ya juu, akajenga hivyo.

Ukiweka sakafu sawa na kona ya juu maana yake upande wa chini nyumba inaelea mita 1.4 juu ya ardhi, na lile pengo lote lazima lijae. Kina cha wastani ni mita 0.7, zidisha kwa 144, unapata kama mita za ujazo 100 za kifusi. Na hizo ni 100 zikiwa zimeshashindiliwa, kifusi kikiwa kimelegea kwenye lori kinachukua nafasi kubwa zaidi, kwahiyo ili upate 100 unaagiza 120 mpaka 130. Lori la mita za ujazo 10 ni tripu 12 au 13. Alafu hakimwagwi chote kwa mpigo. Unamwaga tabaka la sentimita 15 hivi, unamwagia maji kiasi, unashindilia kwa mashine, unaleta lingine, upande wa chini pale ni tabaka 9. Siku za mashine, mafuta, vibarua. Ukiruka hilo ili uokoe hela, kifusi kitashuka taratibu miaka inayofuata, jamvi litabaki linaning'inia, litapasuka, na vigae vyako juu yake vitapasuka navyo. Hawa hawakuruka, nawapongeza sana kwa hilo, fundi wao alikuwa mtu makini kwenye kushindilia.

Kuta za msingi nazo. Mzunguko wa nje ni mita 48, kuta za ndani zinazobeba kama mita 40, kila moja imeongezeka kimo kwa wastani wa mita 0.7. Hiyo ni mita za mraba 61 na kidogo za ukuta ambao haupo kwenye picha yoyote ya ile nyumba. Kwa tofali la sentimita 45 kwa 22.5 unahitaji karibu tofali 10 kwa mita moja ya mraba, kwahiyo ni zaidi ya tofali 600 zilizozikwa ardhini, na upande wa chini ukuta ilibidi uwe mnene na uwekewe nondo kwasababu sasa haubebi nyumba tu, unasukumwa na udongo kwa ndani.

Alafu kona moja ya chini walipochimba wakakuta udongo laini mweusi, wakaendelea kuchimba mpaka wapate udongo mgumu. Hilo lilikula kama mafungu mawili peke yake. Mashimo mawili matatu ya kuchungulia udongo kabla ya kuanza yangeliona, yanachimbwa kwa siku moja na vibarua wawili.

Kuna kitu kidogo kingine kwenye jamvi ambacho watu hawakioni. Jamvi lao lilipangwa sentimita 10. 144 mara 0.1 ni mita za ujazo 14.4 za zege, na kwa mchanganyo wa 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) mita moja ya ujazo inakula mifuko 6 na kidogo ya saruji ya kilo 50, sema 6.3, kwahiyo mifuko 91. Sawa. Lakini kifusi juu hakikusawazishwa vizuri, palikuwa na mabonde ya wastani wa sentimita 2. Sentimita 2 tu! Hizo ni karibu mita 2.9 za ujazo za zege, mifuko 18 ya saruji, na mchanga wake na kokoto zake, imeenda kujaza mabonde ambayo mtu mwenye ubao ulionyooka na kamba angeyafuta asubuhi moja. Nimeiona kila mahali hii, na inaniuma kwasababu haionekani kwenye karatasi yoyote, mtu anakuja kusema tu "saruji iliisha mapema, labda imeibwa".

Sasa swali walilokuwa nalo wao lilikuwa "tumeibiwa?" Nilipitia risiti zote. Hawakuibiwa. Kazi imefanyika, na vifaa vipo ardhini kweli. Nyumba ilikuwa imewekwa vibaya juu ya kiwanja, basi.

Angalia hii. Nyumba ileile ya mita 144, badala ya 12 kwa 12 ifanye 9 kwa 16, alafu ule upande mrefu ulale kufuata usawa wa ardhi na ule mfupi ndo ushuke na mteremko. Kiwanja chao kina upana wa kutosha kwa hilo, na ardhi inashuka kuelekea upana, kwahiyo mita 16 zinalala kwenye urefu wa mita 35 bila shida. Kushuka kunakuwa mita 1.05 badala ya 1.4, kifusi kinatoka 100 kinakuwa 76 hivi. Mzunguko unaongezeka kutoka mita 48 mpaka 50, unalipa kidogo kwenye kuta. Umeokoa robo ya kifusi kwa kugeuza nyumba tu.

Au ungebaki na 12 kwa 12 ileile lakini sakafu usiiweke sawa na kona ya juu, iweke katikati ya mteremko. Upande wa juu unachimba mpaka mita 0.7, upande wa chini unajaza mpaka mita 0.7. Kinachojazwa ni nusu ya nyumba tu, mita za mraba 72, kwa wastani wa mita 0.35, ambayo ni mita za ujazo 25. Kutoka 100 mpaka 25! Na udongo uliochimba juu kama ni mzuri ndo huohuo unajazia chini, karibu hauagizi lori kabisa. Sio bure lakini, upande wa juu sasa ardhi iko juu ya sakafu yako kwahiyo lazima uweke mtaro wa kukatisha maji ya mvua, uzuie unyevu ukutani, na pengine ukuta mfupi wa kuzuia udongo. Kwa makadirio yangu hata na hivyo vyote msingi wao ungekaa kwenye mafungu 17 au 18.

Lakini hayo yalishapita, zege halirudishwi kwenye mfuko. Kwahiyo kazi ya pili ilikuwa kujua wako wapi hasa. Na hapa nikakuta kitu ambacho kwa maoni yangu ni kibaya kuliko msingi wenyewe, kwasababu msingi unaweza ukasema ardhi ilificha, ila hiki kilikuwa wazi mchana kweupe. Ile bajeti ya 100 ilikuwa na nyumba peke yake. Hakuna michoro ya msanifu na mhandisi, hakuna ada za kibali, hakuna kuvuta umeme na maji mpaka kwenye kiwanja, hakuna mfumo wa maji taka, hakuna maji ya kujengea, stoo ya vifaa, mlinzi. Yule jamaa waliyemuuliza hakuwadanganya, aliulizwa nyumba imekula kiasi gani, akajibu nyumba. Tukakaa tukaandika: michoro na vibali 4, umeme na maji kufika 3, maji taka 4, mambo ya saiti 2. Jumla 13. Sehemu ya hizo walikuwa wameshalipa kutoka kwenye hela za matumizi ya nyumbani bila kuziandika popote, kwahiyo wakawa wanashangaa mbona mwezi hauishi vizuri. Kwenye hesabu nikazirudisha ndani zote, hela ni ileile hata ikitoka mfuko mwingine.

Msingi umezidi 11, vilivyosahaulika 13, jumla 24, toa zile 2 za dharura, wamepungukiwa 22. Ile nyumba waliyoipenda ilikuwa inataka mafungu 122 na wao wana 100.

Mke alikaa kimya muda mrefu. Alafu akauliza swali zuri kuliko yote niliyoulizwa kwenye hicho kisa: "ni vitu gani tukivikata leo hatutaweza kuvirudisha kesho?" Tukaipanga orodha yote kwa hilo swali.

Waya na mabomba yanazikwa ukutani na chini ya sakafu, ukikata leo, kesho unapasua plasta na vigae, kwahiyo 10 ya umeme na mabomba haikuguswa. Mfumo wa maji taka haukuguswa. Kuta hazikuguswa kwasababu msingi umeshachora nyumba, huwezi kusema sasa tupunguze chumba, msingi wake umeshalipia. Tulihesabu upya tu tofali na nondo kwa michoro ya mhandisi, 18 ikakaa palepale.

Paa lilikuwa na kitu. Ramani yao ilikuwa na paa kali la nyuzi 40 lenye migongo mingi na makunjo, zuri kweli kwa macho. Lakini paa la nyuzi 40 lina eneo mara 1.3 ya eneo linalofunika, la nyuzi 20 ni mara 1.06 tu. Bati peke yake linapungua kama asilimia 18, mbao zinakuwa fupi, na kila kunjo ulilofuta ni bati ambazo hazikatwi mshazari na kutupwa vipande, na ni sehemu moja pungufu ya kuvuja. Wakakubali paa la pande mbili tu, nyuzi 20. Kwa upande mwingine linakuongezea pembetatu mbili za ukuta kwenye ncha, kama mita za mraba 26 kwa pamoja, tofali 260 hivi, nikaziingiza kwenye hesabu. Baada ya kutoa hizo paa likashuka kutoka 16 mpaka 12. (Hii ni kwa bati. Kama ungekuwa unaezeka vigae usiamue nyuzi bila kusoma maelekezo ya aliyevitengeneza, vingi vinahitaji mwinuko zaidi.) Mume hii ilimuumiza kuliko nilivyotegemea, alikuwa amelipenda sana lile paa. Nilimwelewa. Ni kweli nyumba ilipoteza uzuri fulani na sitaki kujifanya hakuna kilichopotea.

Milango na madirisha 10 ikawa 8, ukubwa wa matundu haukuguswa, kilichobadilika ni milango ya ndani ya kawaida kwanza na vipimo vya madirisha kuwa aina mbili tu badala ya sita. Umaliziaji 22 ukawa 15, vyumba viwili vinabaki na sakafu ya saruji bila vigae, bila dari, bila rangi, mlango unafungwa. Jiko na vyombo 8 ikawa 5, makabati ya juu baadae. Jumla ya kilichookolewa 16.

Bado 6. Hapa tulibishana. Mume alitaka kukopa hiyo 6 wamalize wahamie. Sipingi mkopo kwa ujumla, ila hawa walikuwa bado wanalipa kodi wanapoishi, na dharura yao ilikuwa sifuri, na nyumba ilikuwa bado haijapanda juu ya jamvi, yani kazi nyingi ilikuwa bado iko mbele. Ukikopa ukiwa na dharura sifuri, tatizo la kwanza litakalotokea unakopea tena, na kwa wakati huo huna la kuchagua. Nikapendekeza wafike kwenye paa, waezeke, wafunge, wasimame. Nyumba iliyoezekwa inaweza ikasubiri. Kuta zisizo na paa zinanyeshewa, nondo zilizochomoza zinapata kutu, na vitu vinaibiwa, ukisimama hapo unalipa kwa kusimama. Kwahiyo mafungu ya kufika kwenye paa yalitengwa kwenye akaunti yake na hayakuguswa kwa kitu kingine chochote.

Wakasimama miezi minane baada ya kuezeka. Ile 6 ikatoka kwenye mishahara. Mwisho wa siku nyumba ilikula hivi: msingi 25, kuta 18, paa 12, milango na madirisha 8, umeme na mabomba 10, umaliziaji 15, jiko na vyombo 5, na vile vya nje ya nyumba 13. Inakuja 106.

Makubaliano na fundi tuliyabadilisha pia, kifupi tu: kila hatua inalipwa ikiisha na ikishapimwa, sio ikianza, na asilimia 5 ya ufundi inabaki mpaka mvua moja nzima ipite juu ya paa. Mvua ilionyesha sehemu mbili zinazovuja kwenye kofia ya paa, akarudi akazirekebisha bila maneno.

Kitu kimoja nilikosea mimi, na nakiandika kwasababu kiliwagharimu. Kwenye zile 13 za nje ya nyumba sikuweka mtaro wa maji ya mvua upande wa chini. Nilikuwa nimezama kwenye kutafuta pa kukata, na mteremko niliouchambua kwenye kifusi chote nikausahau kwenye maji. Paa la pande mbili linamwaga maji yake yote kwenye pande mbili, na upande mmoja ni pale pale kwenye ule ukuta mrefu wa msingi. Mvua ya milimita 50 juu ya nusu ya paa, mita za mraba 72 tu, ni lita 3,600 zinazoanguka kwenye mstari mmoja wa ardhi. Msimu wa kwanza ukachimba mfereji wa kina cha kiganja kando ya msingi. Ukuta uko salama, ila udongo unaondoka kila mvua.

Wameshahamia. Vile vyumba viwili bado vimefungwa, na mke ameshaniuliza vigae vyake vitakula kiasi gani, ni kama fungu moja na nusu kwa vyote viwili. Nimewaomba hiyo hela iende kwanza kwenye gata na mtaro wa zege kule chini, kabla msimu mwingine haujaanza, vyumba vitasubiri. Wamekubali, fundi anaanza kuchimba wiki ijayo, na safari hii vigingi na mpira wa maji vimeshapita.